Rangi ya Jicho la Semisi

Marrickville, Sydney
9 Novemba 1982

Mpendwa Bi Kalolaine,

Hunijui. Naitwa Noreen Pascoe, na kazi yangu ni kutengeneza macho ya bandia. Mumeo, Bwana Semisi, alifika kwenye karakana yangu mara mbili, baada ya madaktari wa hapa kumtoa lile jicho la kushoto lililotobolewa na msumari. Nilichukua umbo la tundu la jicho lake, nikamwekea kipande cheupe cha muda ili kope zisilegee, nikamwambia arudi Alhamisi nimpake rangi akiwa amekaa mbele yangu. Alhamisi hakutokea. Nikampigia simu dada yako Lesieli, akacheka sana. "Semisi? Ameshapanda ndege. Anasema msimu wa kupanda viazi vikuu utampita."

Sasa nina jicho mezani. Umbo limekamilika, limesuguliwa, linang'aa, lakini halina rangi. Linanitazama kila ninapokunywa chai, na sipendi kutazamwa na kitu kisichokuwa na mboni.

Lesieli amenipa picha tatu za mumeo. Hazifai. Filamu hizi zinageuza kila rangi ya kahawia kuwa nyekundu, na katika mbili kati ya hizo anacheka, kwa hiyo macho hayaonekani kabisa. Nilishawahi kupaka rangi kwa kutegemea picha, na nilijuta kila mara. Nakuomba basi uliangalie jicho lake la kulia, lile zima, kisha uniandikie lilivyo. Lesieli ameniambia wewe ni mwalimu. Mwalimu ataweza.

Wako,
Noreen Pascoe


Neiafu, Vava'u
24 Novemba 1982

Mpendwa Bi Noreen,

Asante kwa barua yako. Utusamehe kwa Semisi kuondoka bila kuaga. Kile kimbunga cha Machi kiliharibu mashamba yote huku visiwani, na yeye alikuwa anaota viazi vikuu hata akiwa kitandani hospitalini kwenu. Lesieli alinisimulia.

Kuhusu jicho: ni la kahawia. Yangu pia ni ya kahawia. Ya watoto wote thelathini wa darasa langu ni ya kahawia, na ya nguruwe wetu pia. Sijui niongeze nini.

Nilimsomea barua yako. Akasema, "Mwambie apake anayotaka. Mimi ndiye pekee ambaye sitaliona."

Tunakuombea heri.

Kalolaine Moala


Marrickville
6 Desemba 1982

Mpendwa Bi Kalolaine,

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Alinifundisha baba mkwe wangu, aliyeanza na macho ya kioo wakati vijana wanarudi kutoka vitani, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba hakuna jicho la kahawia. Kuna jicho la fulani.

Usikasirike, lakini sidhani kama uliliangalia.

Ngoja nikueleze unachotafuta. Mbele kabisa ya jicho kuna kidirisha kisicho na rangi, kimebinuka kidogo kama kioo cha saa. Madaktari wanakiita konea. Wewe huwezi kukiona, utaona tu mwanga unavyometa juu yake. Nyuma ya kidirisha kuna maji kidogo, halafu lile duara la rangi. Duara hilo ni msuli, Bi Kalolaine. Linafanya kazi kutwa nzima bila mwenyewe kujua: jua likiwa kali linajibana, mtu akiingia ndani linajiachia. Katikati lina tundu, na tundu hilo ndilo mboni. Mboni ni nyeusi kwa sababu ileile inayofanya nyumba ionekane nyeusi ndani ukiitazama kutoka barabarani mchana. Nyuma ya tundu kuna lenzi, kisha ute kama wa yai, na mwisho kabisa, ukutani kwa nyuma, retina, ambako picha zote hutua kabla ya kusafiri kwenda kwenye ubongo. Hayo ya nyuma siyapaki. Mimi napaka mlango tu. Lakini ni lazima niupake kama mlango wa nyumba yenye watu.

Mkalishe penye kivuli, asubuhi, uso uelekee angani na si kwenye jua. Anza ukingo wa nje wa duara, uje ndani polepole mpaka kwenye mboni. Kisha weupe: si mweupe hata kidogo, utaona. Niambie na mishipa ya damu inapita wapi, kwa sababu mimi huitengeneza kwa nyuzi za hariri nyekundu, moja moja, na sitaki kuzilaza ovyo.

Ukiona haya kumkodolea macho mumeo kiasi hicho, mwambie ni amri ya fundi.

Noreen


Neiafu
20 Desemba 1982

Mpendwa Noreen,

Umenishika. Sikuliangalia. Niliandika barua ile nikiwa darasani, kutoka kichwani, nikaona aibu baadaye.

Ukweli ni kwamba Semisi hataki kuangaliwa. Tangu arudi kutoka Sydney ananipa mgongo. Akila anageukia ukuta. Nikiingia anainuka, anatafuta panga, anaondoka kwenda shambani. Huyu ni mtu ambaye zamani nikipika alikuwa anasimama jikoni kunichokoza mpaka namfukuza kwa mwiko. Nilidhani ni haya ya jicho, ikapita wiki, ikapita nyingine, nikaacha kujidanganya. Noreen, mimi ndiye niliyempandisha kwenye paa. Baada ya kimbunga tulikuwa tunavujiwa, na siku ile nilimsema asubuhi nzima: wenzako wameshaezeka, wewe unakaa unakunywa kava, hicho kinywaji chenu cha mizizi, unasimulia upepo. Akapanda kwa hasira, akapiga msumari, msumari ukaruka. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Nadhani analaumu kwa kutonitazama.

Hilo usilijibu. Nimeliandika tu kwa sababu wewe uko mbali.

Barua yako ilipofika nikamwambia, "Fundi amekataa. Anasema twende tukaliangalie jicho vizuri."

"Nimeshamwambia apake anavyotaka."

"Basi atapaka buluu. Utaimba kwaya una jicho la buluu, na mchungaji atakuweka mstari wa mbele ili wageni wakushangae."

Kisha akaenda akakaa kwenye ndoo kando ya tangi la maji, uso juu, kama mtu anayesubiri kunyolewa. "Fanya haraka," akasema.

Sikufanya haraka. Haya ndiyo niliyoyaona.

Ukingo wa nje ni mweusi unaokaribia buluu, kama moshi wa mbali. Ukiingia ndani ni kahawia ya sukari iliyoungua, lakini si rangi moja. Ina mistari myembamba inayotoka katikati kwenda nje, kama ile ya chini ya uyoga. Karibu na mboni kuna pete ya rangi ya asali, na upande wa puani pete hiyo imekatika. Chini, upande wa sikio, kuna doa jeusi dogo kama mbegu ya pilipili. Nimeolewa naye miaka kumi na tisa na sikuwahi kuliona doa hilo. Weupe, kama ulivyosema, si mweupe: ni karatasi ya daftari iliyokaa muda mrefu, yenye madoa ya kahawia hafifu pembeni, pale ambapo jua la baharini humpiga.

Mishipa ni mingi, sijui utaiwezaje. Na kuzunguka duara la rangi kuna wekundu wa zambarau, umekolea ukingoni na kufifia ukienda nje. Usiupake huo, ni moshi. Tulikuwa tumechimba tanuri la kupikia kwa ajili ya harusi ya jirani, na kava alikunywa jana yake. Alikuwa anatokwa machozi nilipomfungua kope, akasema mwanga unawasha. Mboni nayo si duara kamili, imechongoka chini kama tone la maji. Je, ndivyo mboni za watu zilivyo? Yangu nimeiangalia kwenye kioo, naona ni duara, lakini kioo chetu kina ufa.

Alikaa pale muda mrefu bila kunung'unika. Nilidhani amelala.

Krismasi njema, Noreen. Unaila na nani?

Kalo


SIMU YA MAANDISHI
SYDNEY KWENDA NEIAFU, 30 DESEMBA 1982

SI MOSHI SI KAVA. JICHO ZIMA LINAUGUA. MPELEKE HOSPITALI LEO. USINGOJE BARUA. NOREEN


Marrickville
30 Desemba 1982

Kalo,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa tayari kwenye hospitali kuu ya Nuku'alofa na Semisi yuko kitandani ananilaani.

Mimi si daktari. Lakini barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye mboni iliyochongoka nilikaa chini. Nilikimbia nayo kwa daktari aliyemfanyia upasuaji. Akaisoma mara mbili, akanyanyua simu palepale kuwatafuta wenzake wa Nuku'alofa. Aliniomba nikuambie kwamba hajapata kuona maelezo mazuri kama yale kutoka kwa mtu asiye wa hospitali.

Nitakueleza alivyonieleza. Chini ya ule weupe, jicho lina tabaka jembamba lenye rangi iliyoiva na damu nyingi, limezunguka ndani yote kama ganda la zabibu nyeusi. Lile duara la rangi unaloliona mbele ni kipande chake tu. Tangu mtu azaliwe, tabaka hilo limefungiwa ndani, na walinzi wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, hawajawahi kukutana nalo. Msumari ulipotoboa jicho la kushoto, walinzi wakaliona, wakalidhania mgeni, wakaanza kulipiga. Ndiyo maana madaktari hutaka jicho lililoharibika kabisa litolewe mapema. Semisi alikataa kwa miezi, alinieleza mwenyewe, akitumaini litapona. Basi mara chache sana, mara chache mno, walinzi wakishamzoea adui huyo wa kushoto, humtafuta na wa kulia, maana wanafanana.

Wekundu wa moshi hutapakaa jicho zima. Wekundu unaojibana kuzunguka duara la rangi hutoka ndani. Na mboni ikichongoka, maana yake ukingo wake umenata kwenye lenzi iliyo nyuma yake.

Kuna dawa. Ikiwahi, inafanya kazi. Nilikula Krismasi na paka.

Noreen


Hospitalini, Nuku'alofa
14 Januari 1983

Fundi Noreen,

Nisamehe kwa herufi kubwa kama za watoto wa darasa la mke wangu. Wananitia dawa ya kufungua mboni na kila kitu cha karibu kimekuwa uji. Kalo amekwenda sokoni, ndiyo nimepata nafasi.

Wanasema tumewahi, ingawa si sana. Wananipa vidonge na matone kila saa. Daktari wa hapa ni mtu mpole, lakini aliniuliza jambo moja mbele ya Kalo na mimi nikadanganya. Aliniuliza ilianza lini. Nikasema wiki iliyopita.

Fundi, ilianza kabla viazi havijaisha kupandwa. Kwanza ukungu kidogo, kisha vijidudu vyeusi vinaelea mbele yangu, nikivifukuza kwa mkono vinarudi. Asubuhi mwanga unaingia kama pilipili. Nilijua kuna jambo. Nikajiambia, jicho moja lilitutesa miezi mingi, Kalo amekonda, wacha nimalize shamba kwanza, ili nikiwa kipofu kuwe na chakula ardhini. Ndivyo nilivyofikiri. Usinicheke.

Na kuna hili. Ikafika mahali nikimtazama Kalo kutoka upande wa pili wa meza naona nywele, naona mabega, katikati hamna uso. Mtu akikutazama na hakuoni, unajua mara moja. Angejua. Kwa hiyo nikaacha kumtazama. Nikawa nakula naelekea ukutani kama mbuzi.

Siku ile ya ndoo alinisogelea sana. Unajua ulivyomwagiza, aangalie mpaka mistari. Akafika karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake, na pale karibu uso wake ukatokea. Wote. Ana alama mpya chini ya jicho, ya kuchoka. Sikuwa nimemwona tangu nishuke kwenye ndege. Alidhani nimelala. Nilikuwa naomba asimalize kuandika.

Usimwambie haya. Atalia, kisha atanipiga.

Semisi


Marrickville
25 Januari 1983

Bwana Semisi,

Sitamwambia. Utamwambia wewe, na utamwambia daktari pia, leo, kwa sababu dawa hupimwa kwa kuangalia ugonjwa una umri gani. Ukimdanganya daktari, jicho ndilo litakalolipa.

Mkeo naye ana jambo aliloniandikia, akanikataza nisilijibu. Nimetii. Mko chumba kimoja, kitanda na kiti, na mnaniandikia siri zenu mimi niliye ng'ambo ya bahari. Mimi ni mjane mwenye paka. Geuza uso wako umwelekee, mwanaume wewe, umuulize kuhusu paa.

Noreen


Nuku'alofa
11 Februari 1983

Noreen mpenzi,

Nimelia, kisha nimempiga. Kwa kitambaa cha kufutia vyombo, kwa hiyo usiogope, na nesi alikuwepo.

Barua yako ilikuja nikamsomea mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye bado haoni karibu. Hukufikiria hilo, au ulifikiria? Nilipofika kwenye "umuulize kuhusu paa" nikaacha kusoma. Akasema, "Paa gani?"

"Hamna."

"Kalo. Paa gani?"

Nikamwambia. Nilivyomsema asubuhi ile, na kwamba najua ananichukia na ana haki. Nikaanza kutafuta viatu niondoke. Halafu akasema, "Wewe mwanamke, nilipanda kwa sababu mvua ilikuwa inadondokea kwenye godoro upande wangu. Hayo maneno yako ulikuwa unamwambia nani? Sikuyasikia hata moja. Wewe ukianza kusema asubuhi, mimi huwa nahesabu samaki."

Miezi minane, Noreen! Miezi minane nimebeba mzigo, na mwenzangu anahesabu samaki.

"Sasa kwa nini ulikuwa hunitazami?"

Ndipo akaniambia yake. Ndipo nikalia, ndipo nikachukua kile kitambaa.

"Kumbe ulikuwa huoni!"

"Nilikuwa naona kitu kinapita kinapiga kelele. Nikajua ni wewe."

Daktari ameambiwa ukweli, amefoka kidogo, ameongeza dawa. Vidonge hivi vinamfanya awe na njaa ya ajabu. Uso umemviringika kama mwezi, anakula sahani yake, anakula yangu, anamtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani kwa tamaa. Lakini wekundu umepungua, na wiki hii amesoma ubao wa herufi mpaka mstari wa pili kutoka chini. Mboni ndiyo haitarudi kuwa duara. Pale iliponata imebaki imenata, na daktari anasema haitamzuia kuona. Rangi pia imepauka upande ule, asali imekuwa kama majivu.

Tunarudi nyumbani mwezi ujao na chupa za matone. Tumepewa sharti moja: kila asubuhi mtu aliangalie jicho lake penye mwanga, na wekundu ukirudi hata kidogo tupande ndege siku hiyo hiyo. Daktari aliuliza nani ataifanya kazi hiyo. Semisi akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

Kalo wako


Marrickville
15 Machi 1983

Wapendwa wangu wawili,

Hapana, sikuifikiria. Nilisahau kabisa kwamba hawezi kusoma, na nilipopata barua yako, Kalo, nilikaa nikajificha uso ndani ya aproni. Nafurahi ujinga wangu ulitumika vizuri.

Sasa tuzungumze kazi. Jicho lilikwisha Januari. Nililipaka kwa maneno yako, tabaka juu ya tabaka: ukingo wa moshi, sukari iliyoungua, mistari ya uyoga, pete ya asali iliyokatika, mbegu ya pilipili. Nitasema bila haya kwamba sijawahi kupaka jicho zuri zaidi. Liko kwenye pamba hapa mbele yangu. Lakini ni jicho la Semisi wa zamani. Mboni niliifanya duara, kwa kuwa wakati ule nilidhani itapona. Mkiliweka kando ya lile la sasa, hayatafanana.

Kuna njia mbili. Naweza kulituma lilivyo, na atakuwa na jicho moja lililobaki kama Mungu alivyoliumba. Au nianze upya, nilipake kama lilivyo sasa, tone na majivu na yote. Wengi huchagua la zamani. Mimi sina neno. Amua, Semisi. Kalo asikuamulie.

Noreen


Neiafu
2 Aprili 1983

Fundi,

Sasa naona kuandika, kwa hiyo mkono ni wangu.

Kalo anataka la zamani. Halisemi kwa sauti lakini nalisikia. Sikuhesabu samaki safari hii.

Nataka la sasa. Nikiweka lile zuri, watu wataangalia zuri, watalisikitikia bovu, na bovu ndilo linalofanya kazi yote. Si haki. Lipake tone. Kalo atakuandikia lilivyo, kila siku analo mkononi.

Lile la zamani usilitupe. Mpe Lesieli akija, amletee Kalo. Lilitoka kwenye maneno yake, ni lake.

Semisi


Neiafu, Vava'u
2 Oktoba 1983

Noreen mpenzi,

Najua umengoja barua hii na nimechelewa. Mitihani ya shule, kisha harusi mbili, kisha nguruwe alivunja ua. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kila nilipokaa kukueleza niliona maneno hayatoshi.

Jicho lilifika salama. Semisi aliliosha kama ulivyoagiza, akainua kope ya juu, likaingia na kukaa. Akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo zuri, nikabaki nimefungua mdomo. Lilikuwa yeye. Na kwa muda, nakwambia kweli, nilishindwa kukumbuka ni upande upi unaoniona.

"Mbona umeduwaa?" akasema. "Limekaa kinyume?"

Kanisani Jumapili kila mtu alimsalimia mara mbili ili apate kumchungulia tena. Mke wa mchungaji alimshika mkono, akasema, "Ashukuriwe Mungu, jicho lako limepona," huku akitazama lile ulilolitengeneza wewe. Na nesi mpya wa zahanati nusura alitie matone hilohilo. Semisi alimwacha makusudi, ameinua uso, mtiifu kama malaika, mpaka mimi nikapiga kelele. Nesi hakufurahi. Mimi nilicheka mpaka njiani nikakaa chini.

Shamba liko salama. Anafanya kazi na kofia pana kwa sababu ya jua, na kuna siku ukungu kidogo unakuja unakwenda. Mbali anaona vizuri. Karibu anatumia miwani, ambayo ameshaikalia mara moja. Uso wa mwezi umepungua, ingawa ile tabia ya kula sahani yangu imebaki na nadhani hiyo si dawa.

Lile jicho lingine, la zamani, Lesieli alinikabidhi mwezi wa Agosti. Simwonyeshi mtu. Ulipata ile rangi, Noreen. Sijui ulipataje.

Jana tulikuwa kwa daktari. Amelimulika kwa muda mrefu, kidirisha, lenzi, mpaka ukuta wa nyuma, akasema jicho limetulia. Dawa basi. Tumwone mara chache kwa mwaka, na ile kazi ya kuliangalia kila asubuhi si lazima tena. Nikashukuru, nikambusu daktari mkono. Njia nzima Semisi hakusema kitu. Nikadhani anasali.

Leo asubuhi nilikuwa nakuna nazi, maji ya chai yako motoni. Akaja akasimama mbele yangu, akainama mpaka pua zetu zikakaribiana.

"Nini?" nikamuuliza.

"Angalia."

"Daktari si amesema tuache?"

"Amesema si lazima. Hakusema ni marufuku."

Mikono yangu ilikuwa imejaa nazi, sikuweza hata kumshika shavu. Nikamwangalia. Halikuwa jekundu. Nilijua hilo tangu mwanzo, nikaendelea kumwangalia, naye ananitazama, mpaka maji yakachemka yakamwagika yakazima moto.

Kalo